Kazi ya Mke, Jina la Mume: Uliberali na Ufeministi Kwenye Mikorosho ya Kusini

Fungua rejesta ya wakulima ya AMCOS yoyote, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, kati ya Tandahimba na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, utakuta kila mkulima ana mstari wake: jina, idadi ya mikorosho, ukubwa wa shamba, namba ya simu, akaunti ya benki. Nyumbani kuna mke na mume, pengine na mama mkwe na watoto wanaookota korosho wakitoka shule, lakini rejesta inamjua mtu mmoja tu. Pembejeo za ruzuku zinagawiwa kwa kufuata mstari huo, na fedha za mnada zinaingia kwa kufuata mstari huo huo. Sisi tunaofanya kazi ya usaidizi wa kisheria vijijini tumejifunza kwamba ubishi mkubwa kati ya ufeministi na uliberali, ule unaosomwa vyuoni kwa majina ya Locke, Mill na Okin, huku kwetu unaanzia hapo.

Uliberali ni falsafa inayoanza na mtu mmoja mmoja. Mtu ana haki hata kabla serikali haijaundwa, serikali inatawala kwa ridhaa yake, na mali yake haiguswi bila sababu ya haki. Katiba yetu iliibeba fikra hiyo ilipoingizwa sura ya haki za binadamu mwaka 1984: ibara ya 13 inaweka usawa mbele ya sheria, ya 24 inalinda mali ya mtu. Ufeministi, yaani fikra inayodai usawa wa wanawake na wanaume, ulitoka tumboni mwa fikra hiyo hiyo. Mwandishi Mwingereza Mary Wollstonecraft, mwaka 1792, aliichukua lugha ya haki iliyokuwa ikipigiwa debe Ufaransa akauliza kwa nini inakomea kwa wanaume. Kwa hiyo wanaosema ufeministi na uliberali ni maadui wamekosea, na wanaosema ni kitu kimoja nao wamekosea. Ufeministi unaudai uliberali deni, na deni lenyewe ni kubwa. Katiba yetu ni ushahidi: tafsiri ya ubaguzi katika ibara ya 13 haikutaja jinsia mpaka mabadiliko ya mwaka 2000.

Tuanze na kazi, maana hapo ndipo hoja inashikika. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika risala yake ya pili kuhusu utawala, iliyotoka mwaka 1689, alisema mwili wa mtu ni wake, kazi ya mikono yake ni yake, na akiichanganya kazi hiyo na kitu kisicho na mwenyewe, kitu hicho kinakuwa chake. Mkulima wa Newala hahitaji kufundishwa jambo hilo. Hapa aliyepanda mkorosho ndiye mwenye mkorosho, hata kama ardhi iliyo chini ya mkorosho ni ya ukoo mwingine. Lakini katika sura hiyo hiyo Locke anasema pia kwamba mabonge ya udongo wenye nyasi aliyoyakata mtumishi wangu ni mali yangu. Kazi ya mtumishi inahesabiwa kuwa ya bwana. Kuhusu ndoa alikuwa na nafuu, alikubali kwamba mke ana haki zake kwa mkataba na kwamba mama ana mamlaka juu ya watoto kama baba, ila mume na mke wakitofautiana, neno la mwisho akampa mume kwa kuwa ndiye mwenye nguvu zaidi. Huko Uingereza iliwachukua mpaka sheria ya mwaka 1882 ndipo mwanamke aliyeolewa akaweza kumiliki mali yake mwenyewe kikamilifu.

Sasa liangalie shamba la mikorosho mwaka mzima. Kuanzia Mei hivi watu wanafyeka na kupalilia chini ya miti, kazi ya mke na mume, na mwenye uwezo anaweka vibarua. Juni maua yakianza inakuja zamu ya salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho: takriban robo kilo kwa mkorosho mkubwa, kila baada ya wiki mbili, mara nne au tano, alfajiri umande ukiwa bado upo ili unga ushike. Hiyo ni kazi ya mume, anabeba mashine mgongoni, na ni kazi inayoonekana kwa sababu ina gharama na ina kelele. Kisha kuanzia Oktoba mpaka Desemba ni kuokota. Korosho iliyoiva inaanguka na bibo lake, yaani tunda lake, lazima iokotwe mapema isilowe wala isibadilike rangi, itenganishwe na bibo kwa mkono, ianikwe juani siku mbili au tatu, ichambuliwe, ifungwe kwenye gunia. Kazi hiyo ni ya mke na watoto, inarudiwa kila siku kwa muda wa miezi, na ndiyo inayoamua kama mzigo utapokelewa daraja la kwanza au la pili. Ukimwuliza mwanamume kwenye kikao cha usuluhishi nani amelihudumia shamba, atakuhesabia mifuko ya salfa. Hasemi uongo. Anataja kazi yenye risiti.

Ndiyo maana jambo la kwanza tunalofanya mgogoro ukija ni kuandika kalenda ya kazi, mwezi kwa mwezi, mke na mume kila mmoja peke yake, kisha tunaziweka pamoja. Mashahidi wazuri ni majirani wa mpaka, maana ndio wanaoona nani yuko shambani saa kumi na mbili asubuhi. Ndugu hawafai sana, kila mmoja ana upande wake. Vibarua waliolipwa na mke watajwe kwa majina. Kalenda hii haifanywi ili kumwaibisha mtu, ina kazi ya kisheria: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inasema kama ardhi imeandikishwa kwa jina la mwanandoa mmoja na mwenzake amechangia kwa nguvu zake katika uzalishaji, utunzaji na uendelezaji wake, basi huyo mwenzake anahesabiwa kuwa mmiliki mwenza kwa sababu ya kazi hiyo. Kama mume ana wake wawili na wote wamefanya kazi kwenye shamba lile, wote wanaingia. Hii ni hoja ya Locke ikiwa imerudishiwa kipande alichokiacha. Inafurahisha kuona kwamba sheria hii na mwenzake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilipitishwa wakati rais wa nchi alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi.

Tatizo ni kwamba kifungu hicho kinazungumzia ardhi yenye hati, ama ya kawaida ama ya kimila, na mashamba mengi ya korosho hayana hati yoyote. Mwanamke anayekuja ametajiwa kifungu cha 161 na mtu wa mjini anatakiwa aulizwe kwanza: hati ipo? Kama haipo, anabakiwa na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambacho kinagawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Na kifungu hicho kinafanya kazi mahakama inapovunja ndoa au inapowatenganisha wanandoa. Ndoa ikiwa hai, hakina msaada.

Hapo kuna jambo zito. Sheria ya kiliberali inamtambua mke kama mtu mwenye fungu lake siku anayotoka. Akiwa ndani, fedha za msimu zinaingia kwenye akaunti ya mume na sheria inakaa kimya. Susan Moller Okin, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mwaka 1989 kwamba anayeweza kutoka kwenye ndoa bila kuanguka ndiye mwenye sauti ndani ya ndoa, na asiyeweza kutoka hunyamaza. Aliandika akiwaza familia za kwao, lakini mtu wa Mahuta au Nachingwea angeelewa mara moja.

Kwa sababu hiyo tunashauri kazi ifanyike kwenye rejesta, mapema, kabla ya ugomvi. Wakati wa kuhakiki taarifa za wakulima, mume na mke wagawane miti kwa kuhesabu na kila mmoja aandikishwe kwa jina lake, simu yake na akaunti yake. Katika shamba la mikorosho 90 si lazima iwe 45 kwa 45. Hata 25 kwa jina la mke inabadilisha hali ya nyumba, kwa sababu inampa mgawo wake wa salfa na malipo yanayoingia bila kupitia mkononi mwa mwingine. Wahesabu miti kwa kupaka alama za rangi, wasigawane kwa maneno ya "kuanzia kwenye mwembe mpaka kwenye njia", maana mwembe hukatwa. Pia mke ajiunge na ushirika kwa kununua hisa. Kupeleka korosho kwenye AMCOS bila uanachama kunawezekana, lakini asiye mwanachama hapigi kura kwenye mkutano mkuu, na huko ndiko makato yanakojadiliwa. Kinachoharibika mara kwa mara ni akaunti: jina la mke linaandikwa, kisha inatajwa akaunti ya mume "kwa muda" kwa kuwa mke hajafungua yake. Msimu ukifunguliwa hakuna anayekumbuka kurekebisha.

Mke asiye na mstari wake ana njia moja ya kupata fedha taslimu kutokana na korosho aliyoiokota mwenyewe: kangomba. Anapeleka bakuli mbili tatu jioni kwa mnunuzi wa mtaani, kwa bei ya chini na kipimo cha kulalia, kabla mnada haujaanza. Kangomba imepigwa marufuku, na ni sawa ikatazwe, inawanyonya wakulima. Ila ukiangalia nani anakamatwa na bakuli, utaona mtu ambaye njia halali ilijengwa bila kumtaja. Operesheni za kuzuia kangomba zingefanikiwa zaidi kama zingeanza kwa kuuliza swali hilo.

Kwa nini uliberali ulishindwa kuona haya kwa muda mrefu hivyo? Jibu la wafeministi ni mlango wa nyumba. Waliberali waligawa maisha mafungu mawili. Hadharani kuna haki, sheria na mkataba, na nyumbani kuna mapenzi na faragha ambamo dola isiingize mguu. Hata John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza aliyekwenda mbali kuliko wenzake, alikwama hapo. Mwaka 1867 alisimama bungeni Uingereza akataka muswada wa uchaguzi useme "mtu" badala ya "mwanamume", akashindwa kwa kura 73 dhidi ya 196. Mwaka 1869 akatoa kitabu kizima kupinga mke kuwa chini ya mume. Lakini humo humo aliona mwanamke anapoolewa ni kama amechagua fani ya kutunza nyumba, basi kazi hiyo akaiacha ilipo. John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1971, aliwakusanya watu wa kufikirika wapange misingi ya haki, akawaita wakuu wa kaya. Okin alimkamata hapo: mkuu wa kaya akizungumza, nani anamzungumzia aliye ndani ya kaya? Fomu zetu nyingi za kijiji zina kisanduku hicho hicho.

Faragha yenyewe si adui. Ibara ya 16 ya Katiba inamhifadhi mtu, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, na hakuna mwanamke tunayemfahamu anayetaka mtendaji wa kijiji achungulie chumbani kwake. Shida ni pale faragha inapokuwa ya nyumba badala ya kuwa ya mtu. "Hayo ni mambo ya ndani," wazee wanasema, na mwenye nguvu ndani ya nyumba anabaki nazo zote. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inakataa waziwazi mwanandoa kumpiga mwenzake, na imekuwepo tangu mwaka 1971. Mwenyekiti anayemrudisha mama aliyepigwa akamalizane na mumewe anamnyima hifadhi ambayo ibara hiyo ya 16 inampa yeye mwenyewe, kama nafsi.

Mahakama ya Rufani iliwahi kuufungua mlango huo. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Uamuzi huo unatajwa katika kila semina. Kisichotajwa sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha za biashara na akazipoteza. Tunalisimulia shauri lote kwa sababu nusu ya pili ina funzo la matumizi: kila fedha inayotoka kwa mume kwenda kwa mke ikiitwa "mtaji" inaweza kuhesabiwa baadaye kuwa fungu lake. Iandikwe ni ya nini, na ilitumikaje. Mama anayepika uraka, pombe ya mabibo, au kubangua korosho na kuuza stendi aweke daftari la mauzo, hata kama ni la kurasa 40 la watoto.

Na kuhusu talaka, jambo moja linawapoteza wengi hapa Kusini. Mwanamke anapewa talaka kwa karatasi, anabeba vyombo vyake, anarudi kwao, na anaamini mgawanyo wa mali umekwisha. Kwa macho ya sheria, mahakama haijavunja ndoa, hivyo kifungu cha 114 hakijafunguka. Njia ni kupitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo kwa Waislamu linaweza kuwa la BAKWATA, kupata hati inayosema usuluhishi umeshindikana, kisha kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Hati iseme maneno hayo. Hati inayosema "tumewaachanisha" au "mali tumegawa" imevuka mamlaka ya Baraza na huleta usumbufu mbele ya hakimu.

Sasa ukoo. Hapa ndipo somo la vitabuni linahitaji kurekebishwa na watu wa Kusini. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili wanahesabu ukoo kwa mama. Mume ndiye aliyehamia kwa wakwe, shamba la ukoo lilibaki upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa msemaji. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo mahakama nyingi zinalitaja, liliandikwa kwa kuangalia jamii za ukoo wa baba. Mwanasheria anayefika kutoka kanda nyingine huanza na picha ya mwanamke asiye na ardhi anayeomba kuingizwa kwenye hati ya mume. Huku anaweza kumkuta mume ndiye mgeni kwenye shamba.

Tusiipambe hali hiyo. Ukoo wa mama si utawala wa mama. Ardhi inapita kwa wanawake, maamuzi yanatoka kwa wajomba na kaka. Mjomba anaweza kuuza kipande bila kumwuliza dada yake, na mwanamke aliyezuiwa na mjomba hana tofauti kubwa na aliyezuiwa na mume. Tena mikorosho imevuruga mengi, maana ni mti wa miaka mingi wenye fedha, na kina baba wengi wanataka watoto wao wa kuzaa wairithi badala ya wapwa. Sheria ya dini nayo ina mafungu yake. Kwa hiyo ndani ya familia moja utakuta mila ya mama, Uislamu na sheria za nchi zikizungumza pamoja, na kila mtu anachagua inayompa zaidi.

Hatari iko hivi. Kijiji kinapimwa, timu inakuja na fomu za hati ya kimila, na ili kutimiza lengo la usawa inaandika mume na mke kwenye kila shamba. Nia ni njema. Lakini kama shamba lile ni la ukoo wa mke, usawa huo umempunguzia. Mume akifa, wapwa zake wanakuja kudai fungu la mjomba wao katika ardhi ambayo mababu zao hawakuwahi kuilima. Mume akiondoka, anaweza kuomba fungu mahakamani, na hata bila hati kifungu cha 114 kinampa nafasi: mali ya mmoja iliyokuwepo kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili, nayo inaingia kwenye mgawanyo. Mume aliyepanda mikorosho 60 kwenye shamba la ukoo wa mkewe ameiendeleza.

Njia tunayoiamini ni kutenganisha mashamba kwa asili yake kabla kalamu haijagusa fomu. Shamba la ukoo wa mke liandikwe kwa jina la mke, au yeye na dada zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu familia kuomba kwa pamoja, na halmashauri ya kijiji imekatazwa kulipatia ombi la mwanamke uzito mdogo kuliko la mwanamume. Kama mume anataka kupanda miti humo, waandikiane kwanza: miti mingapi, itahesabiwa lini, na ndoa ikivunjika atalipwa kwa mti, ardhi ikibaki ilipo. Mjomba wa kila upande atie sahihi. Shamba walilolichuma pamoja, kwa kununua au kufyeka pori la kijiji, hilo ndilo la majina mawili, na hapo kuna uamuzi ambao wapimaji mara nyingi wanaupita haraka. Umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambao sheria imeuweka kwa wanandoa peke yao, unampa aliyebaki hai shamba lote. Umiliki wa hisa unapeleka fungu la marehemu kwa warithi wake. Kwa wanandoa wengi wa huku wanaoogopa ugomvi wa wapwa, wa kwanza unafaa zaidi. Mwenye watoto wa ndoa nyingine afikirie wa pili. Swali liulizwe kwa sauti, mke akiwepo, na jibu lisomwe tena kabla ya sahihi. Halmashauri ya kijiji inatakiwa kuamua ombi ndani ya siku 90, kwa hiyo muda wa kufikiri upo.

Kuna wafeministi wanaotuambia kwamba kwa kufanya hivi tunaurudisha ukoo uliokuwa ukimbana mwanamke. Tunawasikia. Lakini haki ya mtu mmoja mmoja inahitaji mahali pa kusimama, na kwa mwanamke wa Mtama au Kitangari mahali hapo mara nyingi ni shamba la mama yake. Uwezo wa kutoka ambao Okin aliuona haupo katika ndoa za kwao, sehemu yake ipo hapa tayari, na ingekuwa hasara kuifuta kwa fomu iliyoundwa kwa ajili ya Kilimanjaro.

Mirathi ndiyo inayoharibika haraka kuliko yote, na sababu ni ratiba. Mjane Mwislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Kikao cha ukoo cha kumteua msimamizi wa mirathi hukaa baada ya siku chache tu. Muhtasari unaandikwa, sahihi zinakusanywa, na mjane yuko ndani, anaambiwa matokeo. Eda haimkatazi kutoa maoni. Kikao kifanyike nyumbani kwake, au atume mtu wake kwa maandishi, na jina lake lionekane kwenye muhtasari. Asipoonekana, ana haki ya kupinga mahakamani kabla msimamizi hajathibitishwa, tangazo likiwa bado limebandikwa. Na msimamizi akumbushwe mbele ya watu wote kwamba amepewa kazi ya kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Wapo wanaoondoka na barua ya mahakama wakiamini wamepewa shamba.

Katika vikao hivyo tumeona wazo la Rawls, likisahihishwa na Okin, likifanya kazi vizuri kuliko hotuba. Rawls alitaka watu wapange haki wakiwa nyuma ya pazia, wasijue watakuwa nani. Okin akaongeza: wasijue hata kama watakuwa wanaume au wanawake. Ukooni inafanyika hivi. Pendekezo la mgawanyo linaandikwa kwanza kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani. Kisha vikaratasi vilivyokunjwa vinawekwa kwenye kofia: mjane, mke mdogo, binti aliyeolewa mbali, mtoto wa kiume wa mwisho, mpwa, mama mzazi wa marehemu. Kila mzee anachukua kimoja na kueleza, kama mtu huyo, mwaka ujao atakula nini kwa mgawanyo ule ulio ukutani. Lazima pendekezo litangulie. Mkianza na vikaratasi, watu wanatunga mgawanyo wa kupendeza ambao hakuna atakayeutekeleza. Aanze kuongea mdogo kwa umri, maana mjomba mkubwa akishasema wengine watamfuata. Na msilipeleke zoezi hili kama mchezo. Mzee aliyechukua kikaratasi cha mjane apewe muda, asichekwe.

Ridhaa ni neno la fahari katika uliberali, na hapo pia ufeministi una madai. Carole Pateman, mwanafalsafa wa siasa, mwaka 1988, alihoji ridhaa gani inayotolewa mara moja siku ya harusi na kuhesabiwa kuwa imetolewa kwa maisha yote. Kanuni ya Adhabu yetu, baada ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inatambua ubakaji wa mke pale tu wanandoa wanapokuwa wametengana. Wanaoishi pamoja wameachwa nje. Sheria ya Ndoa nayo iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi huku mvulana akisubiri 18. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Kwa huku Kusini mazungumzo hayo yanapitia kwa makungwi. Unyago unaendeshwa na wanawake wenyewe, wanauheshimu, na serikali ikija kwa amri tu, unyago hupelekwa porini. Tunachozungumza nao ni mambo mawili: ufanyike likizo za shule, na mwali asitangazwe kuwa yuko tayari kuolewa. Kungwi mwenye heshima akikubali hayo, ana nguvu kuliko bango la halmashauri.

La mwisho ni rehani, kwa kuwa msimu wake ni wa njaa, Februari mpaka Aprili, na hautusubiri. Karatasi yenyewe ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Juu imeandikwa tarehe, kisha jina la mume, "nimeweka rehani mikorosho yangu", kiasi cha fedha, majina ya mashahidi wawili, chini kidole gumba na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji uliogongwa kwa wino hafifu. Idadi ya miti haijatajwa, mwisho wa rehani haujatajwa, na mke hayumo. Oktoba mwenye fedha anakuja kuokota, na siku hiyo ndipo mama anapojua. Wenyeviti wanaokubali kutuita wanaongeza vitu vitano: idadi ya miti na alama zake, msimu unaoishia, nani atapulizia salfa, itakuwaje mavuno yakiwa haba, na sahihi ya mke au ya wake wote wanaolihudumia shamba. Mke aulizwe peke yake, pembeni, kabla hajasaini, kwa sababu akiulizwa mbele ya mumewe na mkopeshaji mwenye fedha mkononi, atasema ndiyo. Kama shamba ni la ukoo wake, mjomba au dada naye asaini. Akikataa, muhuri usigongwe, na mwenye shida ya chakula aelekezwe kwenye VICOBA ya kitongoji, ambako mkopo mdogo unapatikana bila kugusa mti hata mmoja.